Maranda ya Barafu

Shira haitaki haraka.
Nilimwambia hivyo Abushiri, mtoto wa jirani,
aliyening'inia dirishani tangu asubuhi akiuliza,
"Bado? Bado?"

Bado.
Ukwaju umelala majini usiku kucha,
nimeupekecha mpaka kokwa zikabaki uchi,
nikauchuja kwa kipande cha kanga kuukuu
kilichobakiwa na maneno mawili tu: JIRANI HANA.
Hana nini, hatutajua tena.

Sukari inachemka. Kwanza mapovu makubwa, ya kelele,
kama watoto wanaotoka chuoni;
kisha madogo, mazito,
kama watu wazima wenye deni.
Natonesha tone kwenye sahani.
Likikimbia, bado.
Likisimama likanitazama, basi:
ndimu kidogo, isije ikarudi chengachenga,
na iliki tatu zilizopondwa kwa kitako cha kikombe.

Zambarau zililetwa na Bi Mwanamize, beseni zima,
na salamu kwamba analitaka beseni lake kabla ya Alasiri.
Na beseni, unajua, halirudi tupu.

Shira zikapoa chupani, nyeusi na hudhurungi.
Barafu ndiyo iliyonitia kesini.

Nilianza kwa nyundo, ikatoka kokoto.
Abushiri akatafuna, akatema:
"Haya ni mawe yenye sukari."
Nikajaribu kibao cha kukwangulia muhogo,
kikanikwangua mimi.
Hapo ndipo nilipokumbuka sanduku
chini ya kitanda cha Baba,
lisilofunguliwa tangu kiharusi kimshike mkono wa kulia
na mlango wa watu wa Mkomani
ukabaki nusu ua, nusu ubao mtupu.

Randa ilikuwa imefungwa kwenye fulana yake.
Ilinukia mbambakofi bado.

"Randa na mai ni wapi na wapi?"
Hasira yake ilitoka upande mmoja wa mdomo,
upande wa pili umelala.
Sikujibu. Niliichemshia maji, nikaisugua kwa ndimu,
nikaipindua juu ya ndoo, tumbo juu,
nikaushika mche wa barafu kwa kitambaa
na kuusukuma.
Ukapiga ukelele, ukakwama.
Nikasukuma. Ukakwama.

Nyuma ya pazia, kimya.
Kisha fimbo yake, polepole, sakafuni.

"Ulimi umetoka mno," akasema.
Akaketi. Akaiegemeza randa gotini,
akaomba kile kinyundo kidogo,
na kwa mkono wa kushoto, ambao haukuwahi kuwa fundi,
akaigonga kabari. Tik.
Akafumba jicho. Tik.
"Haya. Fuata ubao wako, usishindane nao."

Yakatoka maranda.
Marefu, membamba, yakijikunja yenyewe,
yakianguka ndoani bila sauti.
Baba akachukua moja, akaliinua dirishani
kama alivyoinua ya mbambakofi,
aone kama mwanga unapita.
Kabla hajatoa hukumu
lilikuwa maji, yakimtiririka kuelekea kiwikoni.

"Mti," akasema, "haukunifanyia hivi hata siku moja."

Tuliuza bakuli kumi na tisa, shilingi thelathini,
mpaka stima ilipokatika.
Abushiri alikula mbili, moja kwa mkopo,
akapita Langoni nzima akiutoa ulimi wa zambarau,
akatufanyia tangazo ambalo hatukulilipia.
Beseni la Bi Mwanamize lilirudi na bakuli la barafu ndani;
lilipofika kwake lilikuwa sharubati ya uvuguvugu.
Akanywa hivyo hivyo, akauliza kesho ni saa ngapi.

Usiku nilileta mafuta ya nazi, kama kila usiku,
nimkande Baba ule mkono uliolala.
Akautazama mkono. Akaitazama chupa.
"Chuma kimekunywa maji mchana kutwa," akasema.
"Anza na randa."